Ukungu Nyuma ya Kabati

Nianze na kosa langu mwenyewe, asije mtu akalitaja kabla yangu. Kwa miezi mitatu nilimwandikia mwenye nyumba wangu hapa Marekani, Bwana Lasko, kwamba chumbani kwangu kuna fog.

Neno nililitoa kwenye simu. Niliandika "ukungu", simu ikanijibu fog, nami nikaamini, maana simu haina ugomvi na mimi. Ukutani, kando ya kitanda cha binti yangu Faida, kulikuwa na madoa meusi. Nikiyafuta Jumapili, Ijumaa yamerudi na ndugu zao. Faida ana miaka sita. Tangu baridi ianze alikuwa akikohoa, kikohozi kikavu cha kumkunja mbavu, na pale kliniki daktari aliniuliza mtoto anavuta hewa gani nyumbani. Ukuta nilikuwa nao, neno sikuwa nalo.

Basi nikaandika kwa Kiingereza changu cha simu: chumbani kuna fog, mtoto anaumwa, njoo uone. Karatasi ikarudi chini ya mlango wangu, na Lasko ameandika kwa kalamu nyekundu: "Fungua dirisha." Ya pili ikarudi: "Fungua dirisha zaidi." Ya tatu hakuandika kitu, alichora jua dogo linalocheka. Nilizibandika zote tatu kwenye friji ili nizione kila asubuhi nikichemsha chai, hasira yangu isije ikapoa.

Siku moja tulikutana kwenye ngazi.

"Mama Faida," akaniambia, "hapa ni Erie. Tuko kando ya ziwa. Fog iko kila mahali, unataka niifunge kamba? Jifunze Kiingereza kwanza, halafu tutaongea."

Akashuka anacheka. Nilimkasirikia mpaka nikasahau nilikuwa naenda wapi. Mimi ni mtu wa Uvira, kule Kongo, nimezaliwa kando ya ziwa refu kuliko lake. Ukungu wa ziwani naujua, na haujawahi kunipaka weusi vidoleni. Lakini nikasema sawa, umeniambia nijifunze, nitajifunza, na utajuta kunituma.

Darasa letu liko chini ya kanisa, Jumatatu na Jumatano saa tatu asubuhi, kabla sijaingia kazini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mwalimu anaitwa Dorothea, mama mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Namna yake ya kufundisha ni moja tu. Anataja kitu, anasema "Nifuatisheni!", sisi tunafuatisha. Tukikosea anasema "Tena." Tukipata anasema "Vizuri sana!" kama vile tumejenga daraja. Kwa wiki nzima tulikuwa kwenye nyumba: paa, dari, sebule, zulia, bomba. Jirani yangu mezani alikuwa Mzee Tika Ram, Mnepali aliyezaliwa Bhutan, ambaye sebule aliiita jiko na jiko akaliita sebule, akasema kwao watu wanakaa pale penye chakula.

Wiki iliyofuata zikaja picha za shida za nyumba. Bomba linavuja. Kioo kimepasuka. Picha ya tatu ilikuwa ukuta wenye madoa meusi. Nikanyanyuka kabla sijaulizwa.

"Fog!" nikasema. "Mwalimu, hiyo ni fog, niko nayo nyumbani!"

Darasa likacheka. Mwalimu Dorothea hakucheka. Alisogea, akavua miwani ya machoni akavaa ya kichwani.

"Mama Faida, fog ni ile ya nje, ya asubuhi, ya kuficha barabara. Hii ya ukutani inaitwa mold. Nifuatisheni. Mold."

"Mold!" darasa zima.

Mimi sikufuatisha. Nilikaa chini. Kumbe lugha yangu imeviweka vitu viwili kwenye neno moja, na sina la kuilaumu, maana vyote viwili huingia kwako bila kupiga hodi. Ila Lasko alikuwa na macho. Alishindwa nini kupanda ngazi kumi na nne akaone?

Halafu tukaletewa mazungumzo ya kusoma wawili wawili, mpangaji na mwenye nyumba. Mzee Tika akawa mwenye nyumba. Mimi mpangaji, na mstari wangu wa kwanza ulikuwa: "Samahani kwa kukusumbua."

"Huu siusomi," nikasema.

"Ni adabu tu, Mama Faida," akasema Mwalimu.

"Adabu ninayo, nilitoka nayo kwetu. Mtoto ni wangu, mbavu ni zake, kikohozi ni chake. Nani anamsumbua nani? Asome yeye samahani."

Mwalimu akachukua kalamu akaufuta mstari kwenye karatasi yangu. Siku hiyo ndiyo niliyompenda. Tena ni yeye aliyenipa namba ya wakaguzi wa nyumba wa jiji.

Mzee Tika alinivuta kando wakati wa chai. "Dada, acha. Huyo atakutoa. Ukigombana na mwenye nyumba unalala wapi na mtoto, kwenye theluji?"

"Mzee wangu, sasa hivi nalala na mtoto anayekohoa. Nimewahi kuondoka kwangu kwa mtutu wa bunduki. Nitaondolewa na rangi ya ukuta?"

Nilipiga simu mwenyewe, karatasi mkononi. Mkaguzi akapangwa Alhamisi saa nne asubuhi. Mwenye nyumba naye akaarifiwa, ndiyo sheria.

Jumatano jioni niliporudi kutoka kazini na kumchukua Faida kwa jirani, mlango ulipofunguka nikakutana na harufu ya rangi. Lasko alikuwa ameingia na ufunguo wake. Ukuta ulikuwa mweupe kama shati la Pasaka. Hapakuwa na doa hata moja.

Nilikaa kitandani na koti langu. Nalisema wazi: nililia. Neno nilikuwa nimelipata, na sasa kile ninachokitaja hakipo. Kesho mkaguzi ataona ukuta safi na mwanamke mgeni aliyelalamika juu ya fog, na Lasko atachora jua lingine.

Faida akaja na karatasi yangu ya mazoezi. Huwa ananiuliza maswali yeye, anajifanya Mwalimu Dorothea, kijiko kichwani badala ya miwani. Zoezi lilikuwa la mahali: juu ya, chini ya, nyuma ya.

"Paka yuko wapi, mama? Jibu."

"Faida, si leo."

"Jibu! Paka yuko nyuma ya kabati. Nifuatishe."

"Paka yuko nyuma ya ka..."

Tukatazamana na kabati. Ni dubwana la mbao lililokuwemo tangu tunahamia, zito, mguu mmoja umetegeshewa tofali. Nikauingiza mkono kwenye upenyo wa nyuma. Kidole kikatoka cheusi.

Tulisukuma, mimi na mtoto, mpaka likasogea shubiri moja. Nikachungulia. Halafu nikalirudisha palepale, nikamwambia Faida anyamaze mpaka kesho. Alicheka hadi akakohoa.

Saa nne kamili mkaguzi alifika, Bibi Renner, mwanamke mrefu mwenye tochi na uso wa kuchoka. Lasko alikuwa nyuma yake, amepiga pafyumu, ameshika simu yenye picha za karatasi zangu.

"Tazama mwenyewe," akamwambia. "Ameandika fog, mara tatu. Hajawahi kuniambia mold, hata siku moja. Mimi ningejuaje? Mama ni mtu mzuri, Kiingereza tu hana."

Bibi Renner akapitisha tochi ukutani. "Mama, naona rangi mpya. Madoa sioni. Siwezi kuandika nisichokiona."

Alikuwa tayari ameifungua kalamu ili atie sahihi. Lakini sentensi nilikuwa nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeisema mara arobaini nikimsuka Faida. Nikaisema yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kuomba samahani:

"Mold iko nyuma ya kabati."

Lasko akaruka. "Kabati hilo ni zito! Litachubua sakafu!"

"Sakafu haikohoi," nikamjibu, nikaweka bega.

Bibi Renner alichomeka kalamu mfukoni akaja upande wa pili. Tukasukuma. Kabati likalalamika, tofali likaanguka, na ukuta ukajitokeza. Weusi ulianzia sakafuni ukafika begani kwangu, umevimba, una manyoya. Na pembeni yake pote, rangi nyeupe ilikuwa imelizunguka umbo la kabati kwa uangalifu, brashi imefuata kila kona, mahali pengine imegusa weusi ikaruka. Aliyepaka aliona.

Bibi Renner akapiga picha moja, akapiga ya pili. Akamgeukia.

"Bwana Lasko, hiki ni nini?"

"Unyevunyevu," akasema. "Unyevunyevu kidogo. Mambo ya baridi."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Labda ulikuwa kwenye friji, chini ya lile jua.

"Hapana," nikasema. "Uliniambia nijifunze Kiingereza halafu tutaongea. Nimejifunza, sasa tuongee. Nifuatishe. Mold."

Akamtazama Bibi Renner amwokoe. Bibi Renner alikuwa ameweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, anasubiri kuandika.

"Mold," akasema Lasko, akitazama viatu vyake.

"Tena," akasema Faida kutoka mlangoni, na kijiko kichwani.

"Mold."

"Vizuri sana," nikamwambia. Bibi Renner akaandika.