Pumzi ya Mama Mkwe

Kama kuna kitu ambacho Baba Mapacha hakukisamehe katika ndoa yake, ni usingizi. Si usingizi wa kila siku. Ni ule mmoja aliolala mkewe kwenye kiti cha mbele ukumbini, ndoa ikiwa bado mbichi, siku ambayo mumewe alikuwa jukwaani na okestra akipiga basuni kwa moyo wake wote. Basuni, kwa asiyeijua, ni zumari ndefu ya mbao, na sauti yake ni nene kama ya mzee anayesafisha koo kabla ya kuanza kulalamika. Mama Mapacha aliisikiliza kidogo, akaegemea upande, akalala fofofo mpaka makofi yalipomzindua. Kisha akapiga makofi kuliko wote.

"Limenibembeleza hilo bomba lako," alimwambia walipofika nyumbani, naye akidhani anamsifu.

Toka siku hiyo hakumwalika tena, wala mwenyewe hakuomba kualikwa. Mapacha walizaliwa, wakakua, wakahamia kwao, na basuni ikabaki kuitwa bomba. Wageni wakija mumewe hayupo, Mama Mapacha aliwaambia, "Mwenzangu yuko kwenye bomba lake," na wako walioondoka wakiamini mzee yule ni fundi wa maji. Mmoja alirudi na kumwomba aje kumtazamia sinki lake. Baba Mapacha alicheka na watu wengine, lakini moyoni lilimchoma. Watu wasiomjua kwa jina wala kwa sura walilipa kiingilio kumsikiliza, na mtu anayekula naye sahani moja hakuwahi kumsikia hata mara moja.

Sasa, mwanamke huyu ambaye okestra nzima ilimlaza alikuwa na jambo moja ambalo hata homa isingemzuia kulitazama, nalo ni tamthilia ya jioni. Nchi nzima iliitazama. Na katika tamthilia hiyo hakuna aliyechukiwa kama Mama Mkwe, bibi mwenye kofia pana nyekundu, anayevunja ndoa za wanawe huku akitabasamu. Kabla hajaingia mlangoni, ulianza muziki wake: sauti nene, peke yake, inapanda taratibu ngazi kwa ngazi, haisimami, haigeuki nyuma, mpaka mlango ufunguke. Ikianza tu, ungesikia nyumba za mtaa mzima zinapiga kelele, "Huyooo anakuja!" Mama Mapacha alipiga kelele kuwashinda wote. Mumewe alishuku kwamba matusi mengine yalikuwa na anwani nyingine, ya marehemu mama yake, Mungu amrehemu, ila swali hilo alikuwa na akili ya kutoliuliza.

Yeye muziki wenyewe aliuita kelele za kompyuta. Na kweli ulikuwa wa kompyuta. Mtunzi wake, kijana mmoja mpole mwenye miwani, aliutengeneza wote chumbani kwake, bila kushika ala yoyote.

Kwa hiyo Mwongozaji wa okestra alipotangaza mazoezini kwamba muziki wa tamthilia utapigwa ukumbini, mara ya kwanza kabisa kwa ala za kweli na watu wa kweli, Baba Mapacha alicheka kwa puani. Kisha zikagawiwa karatasi za noti za muziki. Akaitazama yake, akavaa miwani, akaitazama tena. Muziki wa Mama Mkwe ulikuwa umeandikiwa basuni. Fidla kimya, tarumbeta kimya, ngoma kimya. Basuni tupu.

Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Mkewe alikuwa kwenye kochi, tamthilia imeanza.

"Okestra inataka kupiga muziki wa tamthilia yako," alisema.

"Najua. Mimi na jirani mshonaji tuna tiketi."

"Mmekata tiketi? Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, wewe mambo ya tamthilia unayajua?"

Baba Mapacha aliketi kando yake. "Mama Mkwe ni mimi," alisema.

"Wewe ni nani?"

"Ile sauti yake. Anapoingia. Siku hiyo nitaipiga mimi."

Mama Mapacha alimkazia macho. Kisha akachukua rimoti, akapunguza sauti ya televisheni. Katika maisha yao yote hakuwahi kuipunguza kwa ajili ya mtu yeyote, hata daktari alipopiga simu.

"Hebu ipige," alisema.

Akaitoa basuni kwenye sanduku lake, akaiunga vipande, akalainisha mdomoni tete yake, kile kijiti cha kupulizia, akapiga. Alipofika katikati akavuta pumzi, akaendelea.

"Siyo hivyo," alisema mkewe.

"Siyo hivyo vipi? Nimepiga kama ilivyoandikwa."

"Umesimama. Mama Mkwe hasimami. Anakuja tu, moja kwa moja, ndiyo maana anatisha." Akauimba wimbo wote kwa midomo iliyofumbwa, toka mwanzo hadi mwisho, kidole kikipanda hewani pamoja na sauti. Alikuwa sahihi kabisa. "Umeona? Rudia."

Akarudia. Na kesho yake akarudia, na siku zilizofuata. Jioni ikaja kuwa na utaratibu mpya: tamthilia ikiisha, basuni inaanza, Mama Mapacha kashika tama anasikiliza kama mwalimu mkali. "Hapo umewahi. Hapo umechelewa. Hapo ulikuwa mzuri, ila umesimama tena." Baba Mapacha, ambaye alishawanunia waongozaji wa kila namna kwa maneno machache kuliko hayo, alikuwa anaitikia, "Haya, haya," na kuanza upya. Alikuwa na furaha, tusifiche. Alikuwa na furaha kama kijana anayeposa. Mkewe alikuwa macho, na alikuwa anamsikiliza yeye.

Tatizo lilikuwa ni hiyo pumzi. Siku mtunzi alipokuja mazoezini, mzee alimwita pembeni na kumwonyesha karatasi.

"Mwanangu, hapa napumua wapi?"

Kijana aliitazama karatasi, akamtazama mzee, akaitazama basuni. Uso ukambadilika.

"Mnapumua," alisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyesahau mtoto sokoni. "Samahani sana, mzee wangu. Kompyuta haikuniuliza." Wapiga fidla walivunjika mbavu kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka huku ameshika kichwa. Akasema yuko tayari kuukata wimbo katikati. Ila Mwongozaji alikataa. Wimbo huo nchi nzima inaujua, ukisimama watu watadhani okestra imekosea. Alikuwa na dawa yake, dawa ya kawaida ya okestra zote: basuni ziko mbili. Mzee aanze, msaidizi wake, yule binti aliyekaa kulia kwake, adakie juu kwa juu pumzi inapokwisha. Wakifanya vizuri, hakuna sikio litakalosikia mshono.

"Nitaipiga peke yangu," alisema Baba Mapacha.

"Mzee, hakuna aibu hapo. Tunafanya kila siku."

"Nimesema peke yangu."

Hakuwaeleza sababu, maana angeanzia wapi? Angewaambiaje watu wazima wenzake kwamba mkewe ukumbini, na macho yake yasiyoona mbali, hatajua mumewe anaishia wapi na binti anaanzia wapi, na atakuwa amesikia nusu ya mume? Akajikaza kisabuni. Alijifunza kuweka akiba ya hewa mashavuni na kuvuta nyingine kwa pua, jambo ambalo vijana hulifanya na wazee huliangukia. Siku moja aliona nyota sebuleni, mkewe akampepea kwa gazeti na kumwambia kifo cha kuuawa na Mama Mkwe kitamtia aibu msibani. Lakini mwishowe akaweza. Alipiga wimbo mzima bila kusimama. Mama Mapacha alisimama, akapiga makofi peke yake pale sebuleni.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulifurika watu ambao hawakuwahi kuukanyaga: akina mama na vitoto mgongoni, wasichana wenye kofia pana nyekundu, vijana na mifuko ya bisi. Walipiga makofi okestra ilipoingia, wakapiga makofi ala zilipopimwa sauti, wakampigia makofi hata mtu aliyeleta kiti. Mwongozaji alikuwa anainama kila mara kama mtu anayetafuta kifungo sakafuni. Baba Mapacha, akiwa amefichwa nyuma na migongo ya wapiga fidla na stendi za noti, aliutafuta uso wa mkewe gizani, hakuupata.

"Mzee," alinong'ona msaidizi wake, "nitakaa tayari, endapo tu."

"Usiguse."

Kijiti cha Mwongozaji kikamgeukia. Baba Mapacha akajaza kifua, akaanza.

Noti ya tatu haijaisha, ukumbi ukalipuka. "Huyooo!" "Toka, mchawi!" "Funga mlango, mwanangu!" Watu walizomea kwa miguu na midomo. Wapiga fidla wakatazamana kwa hofu, mpiga ngoma akashika kichwa. Hawakuwahi kuzomewa maishani, na wengine walishaanza kutafuta mlango kwa macho. Lakini Baba Mapacha aliijua zomeazomea ile. Aliishi nayo sebuleni. Akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, moyo ukimdunda kwa raha, na hapo katikati ya vurugu akasikia sauti moja anayoijua kuliko zote ikipaa toka upande wa kushoto: "Rudi kwenu, we mwanamke! Huna haya!"

Akatabasamu.

Mtu mwenye tete ya basuni mdomoni hatabasamu. Kila mwanafunzi anaambiwa hilo siku ya kwanza. Midomo ikitanuka, hewa inatorokea pembeni, na Baba Mapacha aliihisi ikitoroka, akiba yote aliyoiwekea jasho majuma kwa majuma. Akakaza midomo, hewa imekwisha kwenda. Akajaribu kuvuta kwa pua, haikutosha. Upande wa kulia aliona msaidizi wake akipeleka tete mdomoni, macho yakimuuliza. Akatikisa kichwa. Akapiga noti moja zaidi, na nyingine, na juu kabisa ya ngazi, pale ambapo mlango hufunguka, sauti ikamkatika.

Zomeazomea ikakatika nayo. Mama Mkwe hakuwahi kusimama, kila mtu aliyekuwa mle ndani alilijua hilo. Ukumbi mzima ukabaki mdomo wazi. Na katika ukimya huo pumzi ya Baba Mapacha ikasikika hadi viti vya nyuma, ndefu, yenye mikwaruzo, ikitetemeka mwishoni. Kisha akamalizia noti zilizobaki, taratibu, kwa sauti ndogo, maana nguvu ya kupiga nyingine hakuwa nayo. Hakuna aliyezomea tena.

Makofi ya mwisho yalikuwa makubwa, yeye hakuyasikia. Aliifuta basuni yake kipande kwa kipande, akaifuta tena, akaomba moyoni watu waishe upesi. Alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba sanduku na ameinamisha kichwa. Mama Mapacha alikuwa amesimama pale nje na jirani mshonaji. Mshonaji alimtazama mzee, akamtazama mwenzake, akasema anatangulia.

"Nimeharibu," alisema Baba Mapacha.

"Umeharibu nini?"

"Si umesikia? Pumzi ilinikatika. Pale pale unapopapenda."

"Nimesikia." Alikuwa na macho mekundu, na kitambaa kimelowa mkononi. "Yule mama miaka yote anakuja tu, hachoki, kama hana mapafu. Leo akasimama mlangoni akahema. Nikasema moyoni, kumbe na yeye amezeeka. Kumbe anapanda ngazi zote hizo peke yake, na anajua humu ndani hakuna anayemtaka. Nikamlilia. Mimi, nimlilie Mama Mkwe! Mshonaji alidhani nimepagawa."

Baba Mapacha akauliza swali lililokuwa likimla toka aliposhuka jukwaani, aliuliza akitazama chini. "Ulijua kama ni mimi? Tulikuwa wawili kule nyuma. Angeweza kuwa yule binti."

"Muziki wenyewe sikujua ni wa nani," alisema Mama Mapacha. "Sikudanganyi. Ulikuwa mzuri tu, nikawa namtukana mwenye kofia. Ila ile pumzi! Baba Mapacha, hiyo pumzi nalala nayo sikioni toka ujana wangu. Ungeivuta sokoni katikati ya watu, ningegeuka. Nikamwambia mshonaji, huyo ni mume wangu, na amechoka, mwacheni apumue."

Wapiga tarumbeta walikuwa wanatoka mlangoni na masanduku yao, wakampita mzee wao anayeogopwa na okestra nzima. Alikuwa analia kama mtoto, kashika mkono wa mkewe, na wala hakuugeuza uso.