Ng'ombe wa Shaba na Ndama Wake

Marehemu mume wangu Yoakimu alikuwa akiendesha mashine ya kuvuna katika mashamba ya ngano ya serikali, Hanang. Mwaka mmoja alirudi kutoka mnadani na kinara cha mshumaa cha shaba, cha kale, umbo la ng'ombe, tundu la mshumaa mgongoni. Huo ndio ukawa mwanzo wangu wa kukusanya vinara vya wanyama. Baadaye nikapata kobe, jogoo, na simba aliyekatika mkia. Katekista alipouliza kama ninaabudu sanamu, nilimjibu kwamba ninamwabudu Mungu, hawa wananishikia mshumaa tu.

Tadei, mtunza stoo wa shamba, naye alikuwa na ugonjwa huohuo. Kabati lake lilijaa tembo, bata, na fahali mmoja mwenye pembe ndefu. Jenereta la shamba lilipoharibika wakati ana wageni, alikuja kuazima ng'ombe wangu. Ngano ikapandwa, ikavunwa, ng'ombe hakurudi. Kila nikienda kumdai ananiamkia kwa adabu, ananipa chai, ananisindikiza mpaka njiani, na mikono yangu mitupu.

Misa ya kumkumbuka Yoakimu ilipokaribia, nilitaka ng'ombe wake asimame mezani padre akija nyumbani kusali. Nikasali rozari, kisha nikamwomba mzee Qamara anisindikize. Huyo ni mfugaji wa Balangdalalu, na kesi za mifugo huku anaamua yeye.

Tadei alimwamkia mzee, akamletea kiti. Alijua vinara si mambo ya mzee, basi akajitia kuongea kifugaji, kama watu wanaowekeshana ng'ombe, mmoja akimtunzia mwenzake.

“Mzee, huyu ng'ombe aliwekeshwa kwangu. Nimemtunza, nimemsugua kwa majivu na ndimu. Anayetunza si ndiye anayekunywa maziwa? Maziwa yake ni mwanga, na bado hajakauka.”

Mzee akacheka. Mimi nilikuwa ninatazama kabati. Ubavuni mwa ng'ombe wangu alisimama ndama mdogo wa shaba, naye ana tundu la mshumaa mgongoni, ambaye sikuwahi kumwona.

Nikamuuliza Tadei polepole kama kweli ng'ombe aliwekeshwa, kwa desturi yetu yote. Akaapa kwamba ndivyo. Nikamgeukia mzee.

“Ng'ombe aliyewekeshwa akizaa, ndama ni wa nani?”

“Wa mwenye ng'ombe. Hilo hata mtoto anajua.”

“Basi naomba ng'ombe wangu na ndama wake.”

Tadei akasimama. “Mama Angela, huyo nilimnunua mnadani juzi.”

Mzee Qamara alimshika ndama, akamgeuza, kisha akamtazama ng'ombe. “Amefanana na mama yake,” akasema. “Au ulimzaa wewe?”

Kornelia, mke wa Tadei, alikimbilia jikoni, na kicheko chake tukakisikia huko. Mungu ni shahidi, sikusema uongo hata neno moja. Niliuliza tu.

Siku ya misa wote wawili waliwaka mezani, mama na mtoto, mbele ya picha ya Yoakimu. Tadei alikuja pia. Padre alipotuambia tufumbe macho, yeye alikuwa anamtazama ndama. Najua, kwa sababu nilikuwa ninamtazama yeye.

Wakati wa chai nikamwita pembeni. Nikamwambia desturi haimsahau mtunzaji mwema, ng'ombe akizaa tena, ndama huyo wa pili atakuwa wake.

“Atazaa lini, mama?” akauliza kwa uchungu.

“Hilo linategemea fahali, mwanangu. Wa kwako mlete akae hapa kwangu, tuone.”