Wifi na Kitabu cha Mauaji

Wifi yangu hupiga pasi huku akisikiliza vitabu vya mauaji ya kweli kwenye simu. Msomaji ana sauti laini, utadhani anabembeleza mtoto, na wifi anatikisa kichwa, eti anajifunza tabia za binadamu. Kujifunza gani huko, sijui. Mimi nafanya kazi mochwari. Kila maiti namfungia kikaratasi cha jina kwenye kidole cha mguu.

Jana alinisimulia habari za muuaji bila kupumua: shule aliyosoma, mbwa wake, hadi viatu alivyopenda.

"Na aliyeuawa aliitwa nani?" nikamuuliza.

"Ngoja nirudishe nyuma."

Alirudisha mara tatu, mpaka shati la kaka yangu likaungua.

"Ah, wifi," akaniambia, "yule ni maiti tu."