Fimbo ya Babu na Boya Lililokunywa Petroli

Jamani, Jumamosi naenda kwenye mahafali yangu nikiendesha gari la babu. Mimi mwenyewe, mikono miwili kwenye usukani. Ngoja nianze mwanzo kabla sijapasuka.

Hilo gari limemzidi baba yangu umri. Bibi analiita mke mwenzake, maana babu huliogesha kabla hajaoga yeye. Geji yake ya mafuta ilikuwa imelala kwenye sifuri miaka nenda miaka rudi, ujaze tangi, usijaze. Babu hakujali. Alikuwa na fimbo aliyoichonga alama tatu: robo, nusu, robo tatu. Anaichovya tangini, anaichomoa, anaangalia palipolowa. Ila mwaka huu mafuta yamemwishia njiani mara tatu, na mara zote kamwita muuza petroli mwizi.

Nilipomwomba gari akasema, "Geji ikisema kweli, ufunguo wako. Isiposema, utapanda lori la mjomba wako, wewe na joho lako."

Lori la mjomba linabeba kuku.

Basi nikafungua tangi. Mle ndani kuna boya la shaba, kama kikopo, limeshikwa na mkono wa waya. Likielea juu, mshale wa geji unapanda; likishuka, unashuka. Nikalitikisa sikioni: chwa, chwa. Limekunywa petroli, litaeleaje? Nikalizamisha kwenye maji ya moto, viputo vikatoka kwenye kitundu cha sindano. Nikakipanua kidogo, nikamwaga mpaka tone la mwisho, nikalisuuza, nikalianika siku mbili, ndipo nikampelekea fundi redio alizibe kwa risasi ya kulehemu.

Akalinusa kwanza. "Ungeniletea likiwa bichi, dada, saa hizi tungekuwa tunatangazwa redioni."

"Weka risasi kidogo tu, fundi. Likiwa zito litazama tena."

"Chuo kimekuharibu. Umekuja kunifundisha kazi?" Lakini aliweka kidogo.

Nikalirudisha tangini, nikawasha. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukakaa kwenye robo. Nilitaka kucheza. Babu akachovya fimbo yake: imelowa karibu na nusu.

"Geji yako inadanganya," akasema.

"Labda fimbo, babu."

"Fimbo haina waya wala boya. Itadanganya kwa kutumia nini? Wasalimie kuku."

Nikamfuata jikoni nimenuna, tukanywe chai. Nikakoroga kwa hasira, kijiko kikaanguka, nikainama chini ya meza kukiokota. Harufu ya petroli ikanipiga puani. Petroli, jikoni kwa bibi? Nikanusa kama paka mpaka kwenye mguu mmoja wa meza. Chini yake kulikuwa na kipande cha mti cha vidole viwili.

"Bibi, hii kabari umeitoa wapi?"

"Kwenye fimbo ya babu yako," bibi akasema, wala hakugeuka. "Alilalamika meza inacheza, chai inamwagika. Nikakata kidogo tu, kule chini kusiko na alama."

Babu akaweka kikombe chini polepole. "Lini?"

"Mwanzoni mwa mwaka. Si ukanisifu, ukasema sasa meza imetulia?"

Kumbe alama zote zilishuka vidole viwili! Nikachomoa kipande, nikakiunganisha na fimbo: chanda na pete. Tukakifunga kwa uzi, babu akachovya upya kwa mkono wake. Robo, palepale kwenye alama. Akaitazama fimbo, akamtazama bibi, akatoa ufunguo mfukoni na kunipa. Jamani, nimelala nao chini ya mto.

Tuliporudi mezani, meza isiyo na kabari ikacheza, chai ya babu ikamwagika yote.

"Jumamosi ukipita kwa muuza petroli," akaniambia akijifuta suruali, "mwambie nimemsamehe."

"Wewe ndiye wa kuomba msamaha," bibi akasema.

"Najua. Ndiyo maana namtuma mjukuu."