Bahasha ya Siku ya Uzi

Hakuna aliyeitazama bahasha ile vya kutosha, hata msimulizi wa habari hizi, aliyekuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo akila ladu, kile kitamutamu cha mviringo. Angeitazama, angeona kwamba ilikuwa ndefu mno kwa zawadi, na kwamba pembeni ilikuwa na muhuri wa mwanasheria.

Ilikuwa siku ya kufunga uzi, sikukuu ya Kihindi ya dada na ndugu zao wa kiume, huko Labasa, mji wa visiwani, mwezi wa Agosti, mavuno ya miwa yakiwa yamepamba moto. Phulmati, mjane aliyerudi kwa baba yake akakata miwa pamoja naye miaka kumi na tisa, hadi mzee alipofariki mwezi Mei, alimfunga mdogo wake Bisun uzi mwekundu mkononi, akamtia ladu kinywani. Bisun, ambaye anauza mabati na misumari mjini na hajawahi kushika panga la miwa, akatoa bahasha. Siku hiyo ndugu wa kiume hutoa zawadi, na dada mwenye adabu haifungui mbele yake.

“Ya nini tena, mdogo wangu? Ungeniletea sura yako tu.”

“Pokea, dada. Ni haki yako.”

Aliipokea kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, akaiweka mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Alikusudia kuifungua siku atakapopatwa na shida ya kweli.

Jioni ileile sukari ikaacha kukolea nyumbani mwake. Alitia kijiko cha pili, cha tano, cha tisa. Chai ilibaki kama maji ya kusuuzia sufuria. Jirani yake, Losalini, aliionja, akaitema dirishani.

“Shoga, hii sukari imekununia.”

“Labda ya dukani imechanganywa na kitu.”

“Dukani! Na kiwanda chenyewe cha sukari kinatufukizia moshi hapa kila siku?”

Phulmati alitafuna muwa alioukata mwenyewe. Haukuwa na kitu ila maji na makapi. Wiki ya tatu sisimizi walilihama kopo lake, wakashika barabara ya mjini kwa mstari mmoja. Dereva wa basi aliwapisha darajani. Walikuwa wakienda kwa Bisun, ambako, kwa maelezo ya mkewe, maji ya bomba yalikuwa matamu na achari ilikuwa hailiki kwa utamu.

“Hata achari!” alisema Phulmati.

Alikwisha kuvumilia mengi: Bisun kupakuliwa kwanza, Bisun kusomeshwa, Bisun kutajwa na baba yao mbele za wageni. Sisimizi hakuweza kuwavumilia. Hao alikuwa akiwalisha yeye.

Mwanzoni mwa Machi walikuja watu wawili kupima nyumba yake ya mabati pale shambani kwa baba yake, ili ibomolewe. Akaona shida ndiyo hii, akaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na ilani: marehemu ameacha shamba na nyumba zote kwa mwanawe wa kiume, Phulmati hakutajwa katika wosia, akitaka kudai sehemu yake, afanye hivyo ndani ya miezi sita tangu kukabidhiwa ilani hii. Muda huo ulikuwa umepita kwa siku kumi na moja.

Aliichukua ilani akapanda basi kwenda kwa Bisun.

“Nilikupa mkononi, dada, mbele ya watu.”

“Siku ya uzi, Bisun?”

“Mwanasheria alisema nichague siku ambayo hutakataa kupokea.”

Mke wa Bisun akamimina chai kutoka birika moja. Katika kikombe cha Bisun ilikuwa tamu; katika cha Phulmati haikuwa na kitu. Sisimizi walipita juu ya unyayo wake bila kusimama.

Nyumba ya mabati ilibomolewa kabla ya mavuno. Phulmati anaishi katika chumba cha nyuma kwa Losalini, na chai yake huitia chumvi. Agosti ilipofika alimfunga Bisun uzi, akamtia ladu kinywani, na Bisun akatoa bahasha. Phulmati akaifungua palepale, akakisoma kilichokuwamo hadi mstari wa mwisho, huku wageni wakisubiri na chai yao ikipoa.

Tangu mwaka ule, kina dada wa barabara yetu hufungua bahasha mbele ya ndugu zao.