Kichocheo cha Bandabichi

Jumatatu moja ya mwaka 1954, katika karakana ya shamba la mkonge la Bandabichi, Eliudi alimimina madebe kumi na mawili ya oili chafu katika pipa la kuchemshia. Alichochea kuni, akapima udongo mweupe kwa kopo la maziwa. Oili hiyo ilikuwa imekwisha kulainisha korona, ule mtambo wa kuchuna mkonge, mpaka ikawa nyeusi kama masizi. Kazi yake ilikuwa kuisafisha itumike tena, maana oili mpya ilichelewa kufika Tanga. Udongo ulinyonya uchafu, lakini ulinyonya na oili yenyewe. Kwa kawaida yalirudi madebe saba. Siku njema, saba na nusu.

Siku hiyo yalirudi kumi na moja.

Eliudi alitafuta kilichobadilika. Kuni zilikuwa zilezile, udongo uleule, kitambaa cha kuchujia kilekile. Kilichozidi ni Mwanasiti, aliyekaa mlangoni juu ya sanduku la misumari, akimsubiri Meneja.

Mwanasiti, mwenyeji wa Mkwaja, alikuwa mjane wa Idarusi, aliyekuwa akipaka korona mafuta. Idarusi alisema mara tatu kwamba oili imechakaa na beringi inalia. Kabla hajasema mara ya nne, beringi ilikwama na ukanda ukamchukua. Ofisi iliandika kwamba hakuwa mwangalifu. Sasa eda ya Mwanasiti ilikuwa imekwisha, na chumba namba kumi na saba kambini kilitakiwa kupewa mwenye kipande, ile kadi inayotiwa alama kila mtu amalizapo kazi ya siku. Asiye na kipande hakuwa na chumba. Idarusi alizikwa hatua arobaini kutoka dirisha la chumba hicho, na mkewe hakutaka kitu kingine ila kubaki hapo.

Jumanne Meneja alikuwa safarini, Mwanasiti akaenda kufua. Yakarudi madebe saba. Jumatano alikaa mlangoni. Kumi na moja. Alhamisi Eliudi alimwomba Benedikta, mke wa mkata mkonge, akalie sanduku lile badala yake. Benedikta alikaa kutwa akisimulia ugomvi wa kambi nzima. Yalirudi sita.

"Hata oili imechoka kunisikiliza," Benedikta alisema, akaenda zake kupika.

Eliudi alikuwa na kitabu cha mambo ya petroli, alichopewa na mwalimu wake wa misheni kule Lushoto. Humo mlielezwa vitu ambavyo vikiwekwa karibu na kazi huiharakisha na kuizidisha, na vyenyewe visipungue. Yeye aliviita vichocheo. Ijumaa alimpima Mwanasiti kwenye mizani ya robota za mkonge. Asubuhi alikuwa ratili mia na kumi na mbili. Jioni, mia na kumi na mbili. Kanga yake haikulowa jasho. Chai aliyomiminiwa saa moja asubuhi, saa kumi ilikuwa ingali inafuka.

"Kwani mimi nafanya nini hasa, shemeji?" Mwanasiti aliuliza.

"Hufanyi kitu. Ndiyo kazi yenyewe."

Mwanasiti alifikiri kidogo. "Basi waniandikie kipande."

Oili yake ilitiwa kwenye korona. Mtambo uliokuwa ukisikika mpaka Kigombe ulinyamaza, na watu wakasikia majani ya mkonge yakichanika. Hapo kila mtu alijua kwamba beringi haikuwa na kosa, wala Idarusi. Meneja naye alitoka ofisini akasimama barazani, akausikiliza ukimya ule mpaka sigara yake ikaisha. Maandishi ya ofisi hayakubadilishwa.

Meneja alikuja karakana, akayatazama madebe, akamtazama Mwanasiti. Aliuliza kama oili hupungua akisogezwa ndani zaidi, na kama inafaa kumgeuza auelekee moto. Eliudi alijibu kwamba jambo hilo bado hajalijaribu. Kisha akaleta ombi la kipande.

"Kipande ni cha mtu anayechoka," Meneja alisema. "Huyu hachoki."

"Idarusi alichoka, Bwana," Mwanasiti alisema.

Meneja alisema hilo ni jambo lingine, akaondoka.

Jumamosi alikuja fundi rangi na kopo la rangi nyeupe. Pipa la kuchemshia lilikuwa na namba moja, bomba namba mbili, chujio namba tatu. Kwenye sanduku la misumari aliandika namba nne, akamwomba Mwanasiti asogeze mguu ili mkia wa tarakimu utoshee. Mafundi walijenga kipaa cha mabati mlangoni, kwa sababu mtambo haufai kunyeshewa. Chumba namba kumi na saba alipewa mkata mkonge mgeni. Mtambo hulala ulipofungwa.

Mwanasiti alihesabu hatua kutoka kwenye sanduku mpaka kaburini. Zilikuwa mia mbili na sita. Zilikuwa chache kuliko za kwenda Mkwaja, kwa hiyo alirudi akakaa.

Karakana ilipofungwa, Eliudi alipewa turubai amfunike Mwanasiti asiingiwe na vumbi. Alilifunga vizuri pande tatu. Upande wa makaburi aliuacha wazi.

Jumatatu yalirudi madebe kumi na mawili.