Mfuko Nyuma ya Kiti

Mwaka 1953 niliwaandikia barua wasiojua kusoma, kutoka Kimuli hadi Kihanga, kisha nikazipeleka posta kwa baiskeli. Asubuhi moja Cassian, askari wa gombolola, makao ya chifu mdogo wa eneo letu, alinisimamisha Kihanga. Akachuchumaa, akalinganisha namba ya fremu na karatasi yake.

"Mwandishi, baiskeli hii iliibwa Bukoba."

"Niliinunua kwa fundi, bwana askari. Stakabadhi ninayo."

Ilikuwa katika mfuko wa ngozi nyuma ya kiti, pamoja na barua. Nilipopeleka mkono akaushika.

"Nitapekua mwenyewe. Kitu cha wizi hakina siri."

"Baiskeli chukua. Barua hazikuibwa, ni za watu."

Sikumlaumu, alikuwa kazini. Lakini juu kabisa ilikuwepo barua ya mkewe, Kokuberwa, kwa kaka yake Elpidius: aje amchukue kabla mumewe hajamvunja mkono wa pili pia. Cassian alijua kusoma. Jina la shemeji yake lingemtosha.

Nilikataa. Akanitia mahabusu, akautundika mfuko msumarini, nje ya nondo.

"Bila ridhaa yako nahitaji amri ya bwana gombolola. Akifika saa nane, mfuko huu utafunguliwa upende usipende."

Mchana Kokuberwa alileta chakula cha mahabusu, kama kila siku, mkono wa kushoto ukining'inia kwenye kitambaa.

"Shikamoo, Mwandishi. Wanasema umeficha mali ya wizi."

"Marahaba. Nimeficha ya kwako."

Nikautazama mfuko. Akaelewa.

Nje Cassian alikuwa akiijaribu baiskeli, watu wakimcheka anavyoyumba. Kokuberwa alihangaika na kishikizo cha mfuko kwa mkono mmoja, halafu kwa meno. Mimi sikuufikia. Kengele ya baiskeli ililia mbali, ikalia karibu. Kishikizo kikaachia. Cassian alipoingia, mkewe alikuwa akifunika sufuria.

"Bwana askari," nikasema, "pekua. Ila barua zilizogundishwa usizifungue."

Akaipata stakabadhi, akaisoma mara mbili, akanifungulia. Baiskeli ilibaki, hadi bwana gombolola aamue.

"Umekaa ndani bure. Mbona asubuhi ulikataa?"

"Ukaidi wa uzee."

Kokuberwa akanipa ndizi za kuchoma ndani ya jani la mgomba. "Njia ni ndefu, baba."

"Siku hizi mahabusu wanafungashiwa hadi chakula cha safari!" Cassian akacheka. Akafunua jani, akachomoa ndizi ya juu, akaitafuna taratibu, akinitazama. Chini ya zilizobaki, kona ya bahasha ilinichoma kidole.

Niliaga. Nikaenda kwa miguu bila kugeuka, nikisikiliza kama kengele italia nyuma yangu.